Vice City ya 2003 kwenye skrini pana: nilivyoikuza bila kuharibu kitu

Nimechoshwa na ushauri wa "wewe ongeza rezolusheni tu, itakubali." Nimeusikia Mkunguni, nimeusikia Langoni, mitaani hapa Lamu, na hata aliyeniuzia monita alinipa uleule. Rezolusheni ni idadi ya nukta, yaani pikseli, zinazochora picha. Kukubali, itakubali. Utafungua Vice City, ule mchezo wa kompyuta wa mfululizo wa Grand Theft Auto, utaingia kwenye menyu ya picha, utaikuta 1920 X 1080 X 32 kwenye orodha, utaichagua. Kisha utamwona Tommy, mhusika unayemwongoza, amenenepa ghafla, gari zimetandazika, matairi si duara tena, na ramani ya pembeni imevutika upande hadi hujui kona iko wapi. Hapo mshauri wako atakwambia ndivyo mchezo wa zamani ulivyo, uvumilie. Sikuvumilia, na sasa wangu unaonekana vizuri kuliko nilivyowahi kuuona popote.

Monita yenyewe ni ya inchi 22, ya mitumba. Ilitoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe, ikavuka kwa boti imefungwa kanga mbili, na pamoja na nauli haikupita elfu tisa. Baada ya gharama na wasiwasi wote huo, nisingekubali kuitazama picha iliyovutwa.

Mchezo huu ulitoka kwa kompyuta mwaka 2003, na monita nyingi za wakati ule zilikuwa za 4 kwa 3, yaani upana kwa kimo. Saa, pesa, moyo wa uhai na ramani vilipangwa kwa kipimo cha 640 kwa 448, kisha vinavutwa kujaza skrini yoyote vitakayoikuta. Yangu ni ya 16 kwa 9, basi vinakwenda upande. Nilichukua rula ya shule ya mpwa wangu nikaipima ramani juu ya kioo: kimo hakifiki sentimita 5, upana umepita 7. Vipimo hivyo nikaviandika kwenye karatasi, kwa sababu jicho huzoea haraka, na ukishazoea utajiambia pametengenezeka kumbe bado.

Kabla ya kugusa chochote nilinakili folda mbili. Moja ni ya mchezo wenyewe. Nakala yake nikaiita Majaribio, na kila nililojaribu nililifanyia humo. Ya pili ni GTA Vice City User Files, iliyo ndani ya Documents. Hii ya pili wengi hawaijui, na ndiyo inayoliza watu. Mchezo ukikataa kufunguka, au panya ikigoma kugeuza kichwa cha Tommy, utaambiwa "futa folda hiyo, itajitengeneza upya." Itajitengeneza, ndiyo, ila faili zinazoanza na GTAVCsf humo ndani ndizo hatua zako zote ulizohifadhi. Kinachotakiwa kufutwa ni faili moja tu, gta_vc.set, inayoshika mipangilio. Kijana mmoja wa mtaa wetu alipoteza karibu mchezo mzima kwa kumsikiliza mtu aliyesema "futa yote." Iliniuma kama vile ni wangu.

Sasa nije kwenye jaribio lililonikesha. Nilishauriwa kuingia ndani ya programu yenyewe na kubadilisha namba. Nilivutiwa sana, kwa sababu hesabu yake ni tamu. Ukigawanya 4 kwa 3 unapata 1.3333, na kompyuta huihifadhi namba hiyo kwa baiti nne: AB AA AA 3F. Ukigawanya 16 kwa 9 unapata 1.7778, ambayo ni 39 8E E3 3F. Kwa hiyo unafungua faili la mchezo, lile la exe linaloufungua, kwa programu ya kuhariri baiti, unatafuta zile nne za kwanza, unaweka nne za pili, unahifadhi. Ipo michezo ya zamani inayotengenezeka kwa njia hii hii, na inapendeza kweli kuona baiti nne zikifanya kazi kubwa namna hiyo.

Nilianza baada ya isha, feni inazunguka, chai ya tangawizi pembeni. Baiti zilipatikana, tena si mahali pamoja. Nikabadilisha pa kwanza: mchezo ukafunguka vilevile, rula juu ya kioo, vipimo vilevile. Nikaparudisha, nikabadilisha pengine: ukajifunga kabla ya menyu. Nikajaribu pawili kwa pamoja, ukajifunga tena. Mpwa wangu amekaa nyuma yangu, kila ukijifunga anasema, "Mjomba, huo wa asili upo lakini?" Upo, namjibu, uko kwenye folda yake, haujaguswa. Ndipo nikakirudia kile kipimo cha 640 kwa 448, nikaelewa kwamba hata ningeipata namba sahihi ya picha, ramani na maandishi vina hesabu yao mbali. Mchezo huu hauna swichi moja ya kuukuza. Tukalala.

Kilichofanya kazi ni marekebisho ya ThirteenAG, mtengenezaji anayejulikana kwa jina hilo mtandaoni, ambaye ameyaweka bure kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kugawana programu, katika mkusanyiko wake uitwao WidescreenFixesPack. Unachukua ya Vice City, unaifungua, unaweka vilivyomo ndani ya folda ya mchezo. Basi. Ukitazama utaona d3d8.dll, na folda ya scripts yenye faili la asi (marekebisho yenyewe) na la ini (mipangilio yake).

Napenda sana namna inavyofanya kazi, na ndiyo maana naiita salama. Mchezo huu ulitengenezwa kwa Direct3D 8, sehemu ya Windows ya kuchora picha za michezo, kwa hiyo ukifunguka huiulizia Windows faili la d3d8.dll. Windows huanza kulitafuta ndani ya folda ya mchezo kabla ya kwenda kwenye folda za mfumo. Inalikuta hili dogo, hili linaita marekebisho, kisha linaupeleka mchezo kwa d3d8 ya kweli. Mabadiliko yote hufanyika kwenye kumbukumbu wakati unacheza. Faili la mchezo kwenye diski halibadiliki hata baiti moja. Hukupenda? Futa ulivyoweka, umerudi 2003. Na ukimsikia mtu anasema ulitupe faili hilo ndani ya System32, folda ya mfumo wa Windows, mkatalie. Huko si kwake, na programu nyingine zinazoitegemea d3d8 ya kweli zinaweza kuvurugika.

Nikachagua 1920 kwa 1080, nikachukua rula. Upana na kimo cha ramani vimekaribiana kabisa! Mpwa wangu alitaka kupima mwenyewe, akapima, kisha akapima na tairi la gari lililoegeshwa.

Maandishi kwangu yalikuwa madogo kidogo. Lile faili la ini hufunguka kwa Notepad, na ndani yake mna mistari ya ukubwa wa ramani, saa na pesa, na maneno ya chini. Ongeza kidogo kidogo, hifadhi, jaribu. Kama Windows yako imewekewa ukuzaji wa asilimia 125 na picha inatoka nje ya skrini, nenda kwenye sifa za faili la mchezo, sehemu ya upatanifu (Compatibility), uuache mchezo ujipimie wenyewe.

Jambo jingine: usilazimishe monita ipite uwezo wake. Nilihimizwa nitengeneze rezolusheni ya 2560 kwa 1440 "ili iwe kali zaidi." Monita ya 1080 ina pikseli zake 2,073,600 na haiongezi nyingine. Ukiilazimisha, mara nyingi itakuandikia kwamba haiwezi, au itakaa nyeusi. Ikikutokea, toa mkono kwenye kibodi: Windows husubiri sekunde 15, na usipothibitisha hurudi ilipokuwa. Zile monita nene za zamani ndizo za kuogopa zaidi, kwa kuwa kasi ya kuchora picha upya (refresh rate) iliyozidi uwezo wake inaweza kuziunguza.

Mashine dhaifu nayo ifikirie. Kutoka 1024 kwa 768 hadi 1920 kwa 1080 ni kuongeza kazi zaidi ya mara mbili na nusu. Yangu ina chipu ya picha ya Intel tu, bila kadi ya picha, na inabeba bila shida, lakini ikiwa yako inakwama, shuka hadi 1280 kwa 720. Umbo linabaki sahihi. Kile kizuizi cha kasi ya picha (Frame Limiter) kwenye menyu kiache kikiwa kimewashwa. Mchezo ulipangwa kwa kasi ile, na ukikizima mwendo wa gari unaharibika.

Mpwa wangu sasa anaidai San Andreas, mchezo mwingine wa mfululizo huu. Marekebisho yake yamo kwenye mkusanyiko uleule, lakini ni faili nyingine kabisa. Ya Vice City usiyapeleke huko. Folda ya mchezo nimeshainakili, na ile ya Documents pia. Stima ikitulia usiku, naanza.