Gemu za PS2 za kuanza nazo ukinunua ya mtumba leo

Kuna washkaji wananicheka eti bado nacheza PS2, yaani PlayStation 2 ya Sony, wao wana konso za kisasa ambazo ukiwasha tu inakwambia subiri kwanza gemu ijiapdeti, bando linaisha hapo hapo na mpira hujagusa. Mimi naweka diski, pedi mbili zimechomekwa, twende. Hii mashine imetoka Japani Machi 2000 na imeachwa kutengenezwa mwanzoni mwa 2013, na imeuza zaidi ya milioni 150 dunia nzima, kwa hiyo za mtumba hazikosekani, shughuli ni kuchagua gemu, maana zipo kibao na nyingine ni takataka tupu.

Ya kwanza kabisa PES 6 (Pro Evolution Soccer, gemu ya mpira), ile ya 2006, na hapa sibishani na mtu. Watu wa FIFA, ile gemu pinzani ya mpira, nawajua, sawa, mna majina na jezi halisi za timu, ila mpira wenyewe kipindi kile ulikuwa PES. Man United na Arsenal humo wapo kwa majina yao, Liverpool anaitwa Merseyside Red, Chelsea kageuka London FC, ukicheza mechi mbili tatu unazoea wala hujali. Mtu wa kuogopwa ni Adriano wa Inter, yule ukimpa nafasi ndogo tu akaugeuzia mpira kwenye mguu wa kushoto, hata awe mbali vipi, kipa wako kazi yake ni kwenda kuuokota nyavuni, ndo maana kwetu mtu akichagua Inter lazima kwanza tukubaliane Adriano anakaa benchi au la. Ukiwa peke yako cheza Master League, sehemu ya kujenga timu yako humo humo, unaanza na wachezaji wa kubuni kina Castolo na Minanda na kipa wao Ivarov, wazito balaa, unapigwa weee mpaka ukusanye pointi za kununua mtu wa maana. Na ukishaanza kushinda na Castolo huyo huyo unaona tabu hata kumuuza.

Angalizo kidogo hapo: PES ya mwisho rasmi kwenye PS2 ni ya 2014. Ukikuta kava limeandikwa 2024 na picha ya Mbappé ujue hiyo ni gemu ya zamani, mtu kabadilisha majina na jezi tu. Siyo mbaya, nyingine zimefanywa vizuri sana, ila usilipe hela ya gemu mpya.

Ya pili Tekken 5, gemu ya kupigana mtu na mtu. Kwanza ndani ya diski hiyo hiyo moja wameweka na Tekken 1, 2 na 3, zile za kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, kwa hiyo umenunua moja umepata nne. Pili haihitaji ujuzi kuanza, mpe mtu asiyejua kitu amchukue Christie au Eddy, wale wa kapoera, abonyeze bonyeze vitufe vya mateke hovyo, atakupiga wewe unayejifanya unajua kombo, zile pigo za kuunganisha, na ukimuuliza kafanyaje hajui.

GTA San Andreas sihitaji kuisifia, kila mtu anamjua CJ, yule jamaa unayemwendesha humo. Ninachoipendea ni vile vitu vidogo, CJ ukimlisha baga sana ananenepa na mbio zinakata, inabidi umpeleke jimu. Kwa mlionasa kwenye ile misheni ya kufukuza treni na pikipiki, msiigande treni, jitengeni pembeni kidogo Big Smoke, mshkaji wa CJ aliyekaa nyuma, apate kuwalenga wale jamaa wa juu ya treni. Na hela za CJ zikikata, bonyeza kwenye pedi R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu, unapata dola 250,000 na afya juu. Ila ina matusi hiyo, kama sebuleni kuna watoto au mama mkwe weka kitu kingine.

God of War II nayo usiiruke, ilitoka 2007 PS3, konso iliyofuata, ikiwa tayari sokoni, na bado wakaikamua PS2 mpaka tone la mwisho, unaanza tu gemu unapigana na lile sanamu kubwa la Rhodes. Shadow of the Colossus ni ya mtu mtulivu, majitu 16 ya kuangusha basi, hakuna vijiadui vya njiani, unapanda farasi unatafuta jitu lilipo. Wengine wanaona inaboa, mimi naipenda, ila usimwekee mgeni.

Halafu kabla hujaondoka dukani ulizia memori kadi ya MB 8, bila hiyo hakuna kusevu, San Andreas utaianza upya Grove Street, mtaani kwa CJ, kila siku. Hela ikiwa ya diski mbili tu, beba PES 6 na Tekken 5, chenji inayobaki nunua pedi ya pili.