Septemba Mosi ndani ya orodha ya minyoo

Mnyoo wenyewe sijawahi kuushika. Hata mama, hapa nyumbani Katuba, Lubumbashi, huniuliza: "Papa, hiyo minyoo inayokukesha usiku, iko wapi?" Iko kwenye maabara za watu, Marekani na Ulaya. Mimi ninayo orodha yake tu.

Mnyoo huo ni C. elegans, milimita moja hivi, mwili wake ni kama kioo: unaona mpaka ndani. Ndiyo maana watafiti huunganisha jeni ya protini wanayoifuatilia na jeni ya protini ing'aayo iliyotoka kwa yavuyavu, yule kiumbe laini wa baharini. Martin Chalfie na wenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba inang'aa vizuri ndani ya mnyoo. Siku hizi, kwa CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni, alama hiyo ing'aayo hubandikwa kwenye jeni yenyewe, pale pale ilipo. Maabara nyingi zinafanya hivyo, na bila orodha ya pamoja ya minyoo iliyowekwa alama mtu anaweza kuhangaika miezi kutengeneza mnyoo ambao mwenzake anao tayari kwenye friji.

Mwaka 2024 mwalimu wangu aliniambia: darubini ya mwanga huo hatuna, minyoo hatuna, lakini kusoma orodha hakuhitaji ruhusa ya mtu. Nitafute protini za kugawanyika kwa seli, zipi zimeshawekwa alama, na alama iko mwanzo wa protini au mwishoni. Swali hilo la mwisho si dogo. Ikibandikwa upande mbaya, protini inaweza kushindwa kazi yake, na wewe unabaki kupiga picha nzuri za kitu kilichoharibika.

Umeme ulikuwa unakatika, basi nikanunua mega, nikapakua faili lote usiku, kisha nikalipeleka kwenye kompyuta ya rafiki yenye Excel ya Kiingereza. Nikalifungua, nikalihifadhi, nikaanza kutafuta. Ya kwanza ilikuwa sep-1, jeni ya kimeng'enya kinachokata gundi inayoshikilia kromosomu pacha ili ziachane. Bila hicho, kazi yangu haina kichwa. Kompyuta ikasema hakuna.

Nilikasirika. Nikaandika barua pepe ndefu kwa wanaotunza orodha, yenye maneno ambayo leo yananiaibisha. Nashukuru mega ziliisha kabla sijaituma.

Asubuhi, nikipitisha macho mstari kwa mstari, nikaona "1-Sep" katikati ya majina ya jeni. Chini yake kidogo, "1-Apr" na "1-Jun". Ndipo nikaelewa: jun-1 na apr-1 nazo ni jeni, na Excel ilizisoma zote kama tarehe. Kwa mzazi wa Lubumbashi mwezi wa tisa una maana yake, maana ni wa shule; kwa mnyoo hauna. Nilipojaribu kuigeuza hiyo "1-Sep" iwe maandishi ikanipa 45536, hesabu ya siku ambayo Excel huiweka nyuma ya tarehe. Jina lilikuwa limepotea kabisa.

Nikarudi kwenye faili la mwanzo, nikalifungua kwa programu ya maandishi matupu: sep-1 ilikuwepo, salama. Kosa lilikuwa langu, si la watunza orodha.

Nilianza upya. Safari hii sikubofya faili moja kwa moja. Niliingiza data kupitia menyu na kuiambia Excel kwamba safu ya majina ni maandishi. Pia niliacha kuunganisha majedwali yangu kwa majina. Kila jeni ya mnyoo ina namba yake kwenye WormBase, hifadhidata ya jeni za mnyoo huu: WBGene ikifuatwa na tarakimu nane, na hiyo hakuna kompyuta itakayoidhania siku ya mwezi.

Kazi ilichukua wiki tatu zaidi. Mwalimu alipoipokea hakusoma utangulizi. Aliandika sep-1 kwenye kisanduku cha kutafutia, akasubiri, akaniangalia, kisha akaendelea na ukurasa wa pili.