Majarida ya zamani ya katuni: ninavyonunua na kutunza kwenye hewa ya Pwani

Mkusanyaji wa Marekani hulipia zaidi jalada. Nakala hupewa alama, kuanzia 0.5 hadi 10, hufungiwa ndani ya plastiki ngumu, na mara nyingi haifunguliwi tena. Mimi nakusanya majarida ya Afrika Mashariki, na ninayataka ya kusoma: Sani la Dar es Salaam la miaka ya 1980, lenye wahusika akina Ndumilakuwili na Lodilofa, Joe la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, vijitabu vya Pichadithi, na African Film, lile la picha za kupigwa, ambamo mpelelezi Lance Spearman na kofia yake walikuwa hawashikiki. Raha iko kwenye mfululizo. Hadithi inakatwa penye utamu, chini pameandikwa "itaendelea", na siku ukikutana na toleo linalofuata huwezi kusubiri ufike nyumbani.

Kwa hiyo nikishika nakala kwa muuzaji naanza na katikati. Jarida la pini ni karatasi zilizokunjwa mara moja, na kila karatasi inatoa kurasa 4. Ile ya katikati kabisa ndiyo hutangulia kuchomoka, kwa sababu miguu ya pini inaikandamiza moja kwa moja na kila msomaji anapolitandaza jarida mashimo yanapanuka. Nahesabu kurasa zote, jalada likiwemo. Jumla isipogawanyika kwa 4, kuna karatasi imechanika nusu. Ikigawanyika lakini namba zinaruka, karatasi nzima imetoka. Halafu naangalia nyuma ya ukurasa wa marafiki wa kalamu. Watu walikuwa wanakata kuponi na kuzituma kwa posta, na upande wa pili wa kuponi ile unaweza kukuta nusu ya kibonzo. Fumbo lililojazwa kwa kalamu halinisumbui hata kidogo. Harufu ya koga inanisumbua sana, na jarida lenye vumbi la kijani au jeusi linalotoka kidoleni silinunui, hata liwe adimu vipi.

Maeneo ya kutafuta yanajulikana: wauza vitabu wa kando ya barabara Posta na Kariakoo jijini Dar es Salaam, "inama bookshop" za Nairobi, yaani vitabu vilivyotandazwa chini unavyoinama kuvichagua, na wanaonunua makaratasi ya kufungia bidhaa. Hawa wa mwisho ndio wazuri zaidi, ila uwahi kabla mzigo haujachanwa. Waombe wakuuzie fungu zima kwa kilo, kwa sababu matoleo yanayofuatana mara nyingi hutoka nyumba moja.

Jarida jipya haliingii kabatini siku hiyo. Linakuja na mayai ya mende na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaolamba gundi na uso wa karatasi. Nalitia ndani ya mifuko 2 ya plastiki, nabana hewa yote itoke, nafunga, kisha linakaa kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Likitoka halifunguliwi mpaka saa 24 zipite. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa unageuka maji juu ya karatasi baridi na kurasa zinajikunja. Ukisubiri, maji yanabaki nje ya mfuko. Baada ya hapo nasafisha kwa brashi laini ya rangi, kutoka kwenye mgongo kwenda ukingoni. Maji hayaguswi kabisa. Karatasi ya gazeti ikilowa kipande, uchafu wote unasukumwa hadi mwisho wa doa na kubaki mstari wa kahawia usiofutika.

Pini ndiyo kazi inayohitaji mkono mtulivu. Pwani hii pini hushika kutu, kutu inahamia kwenye karatasi, na karatasi inayozunguka shimo inakuwa kama biskuti. Pini inayong'aa naiacha. Iliyoshika kutu naitoa hivi: nafungua jarida katikati, nalilaza juu ya meza, nachomeka kipande cha plastiki nyembamba chini ya mguu wa pini, kisha nauinua mguu kwa ncha ya kisu butu, kidogo kidogo, mpaka usimame wima. Plastiki ile inazuia kisu kisikwangue karatasi. Miguu yote ikisimama, nageuza jarida na kuchomoa pini kwa nyuma. Kile kifaa cha ofisini chenye meno kinachana mgongo, usikitumie. Nafuta unga wa kutu kwa brashi, halafu napitisha uzi wa pamba usio na nta kwenye mashimo yaleyale na kufunga fundo kwa ndani, bila kukaza. Wanunuzi wa alama watasema nimeshusha thamani. Kwa unyevu wetu, pini ile ingeshusha zaidi.

Selotepu ya zamani siivuti, maana inaondoka na wino. Mpasuko mpya siuwekei selotepu. Ukikosa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, uache mpasuko ulivyo. Ubao wa nyuma, ile kadibodi ngumu inayokaa nyuma ya jarida ndani ya mfuko, utaushikilia.

Kuhifadhi kunaanza na kuelewa kwamba karatasi hii inajila yenyewe. Imetengenezwa kwa mbao zilizosagwa, bado ina lignini, ile gundi ya asili ya mti, na lignini ikikutana na mwanga na hewa inageuka njano na kuzalisha asidi. Huwezi kuisimamisha, unaipunguza mwendo tu. Natumia mifuko ya plastiki ya polipropilini au poliesta. Plastiki laini ya PVC yenye harufu kali inanasa wino wa jalada. Ubao wa nyuma uwe usio na asidi. Kipande cha boksi la kawaida la dukani kitapaka jarida ukahawia. Pima kabla ya kuagiza: mfuko wa jarida wa vipimo vya Marekani una upana wa karibu sentimita 22 na urefu wa 28, na A4 ina urefu wa 29.7, kwa hiyo haiingii.

Majarida husimama wima ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko, yakiegemeana bila kubanana. Humo naweka kipima unyevu kidogo na gramu 500 za silika, zile chembe zinazofyonza unyevu, kwa boksi la lita 50. Nachagua ile ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ya bluu ina kobalti, ambayo ni sumu. Silika ikishiba naikausha kwenye oveni, nyuzi 120 kwa saa 2 au 3. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 60, kwa sababu ukikaa juu ya 65 koga inaanza kupata nguvu. Boksi lisikae sakafuni, lisiegemee ukuta wa nje, na kamwe lisipande darini chini ya bati. Kazi zote za kufungua, kushona na kubadilisha ubao wa nyuma nazifanya kipupwe, kuanzia Juni. Masika mifuniko inabaki imefungwa.

Toleo lisilo na tarehe huwa linanichangamsha zaidi. Bei ya jaladani ukiilinganisha na ya matoleo unayoyajua, pamoja na tangazo la sinema au la mechi, unaweza kulipachika karibu na mwezi wake.

Na nikiwa na nakala 2 za toleo moja, moja imekosa katikati na nyingine imekosa jalada, naziunganisha ziwe moja inayosomeka. Naandika kwa penseli nyuma ya ubao kurasa zipi zimetoka wapi, ili atakayelinunua au kulirithi ajue, na masalia nayatunza kwenye mfuko wake kwa ajili ya nakala nyingine yenye pengo.