Nilivyopata programu za kuendeshea muziki na video zetu nyumbani

Diski ya nje tuliyonayo nyumbani ni ya terabaiti 1, na imejaa vitu visivyofanana hata kidogo. Kuna dansi la zamani nililolitoa kwenye kaseti za marehemu baba, kuna taarab ya mama, Bongo Fleva ya enzi za kuchoma CD, singeli za vijana wangu, VCD za harusi za ndugu, filamu za Kibongo na katuni. Kila kitu kiliingia kwa njia yake: bluetuthi, flashi ya jirani, au yule kijana wa kibandani anayekujazia flashi kwa bei ya kuelewana. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilikuwa zinaitwa "Track 03", na nyingine zimebeba jina la tovuti mahali pa jina la mwimbaji.

Watu wakizungumzia programu za kuchezea muziki na video huulizana ipi ina sura nzuri, ipi inacheza kila kitu. Mimi nilianza na swali jingine: nikiihama programu hii mwakani, kazi niliyoifanya ndani yake nitaondoka nayo au itabaki huko? Maana kazi ipo. Kuandika majina, kutenganisha wanamuziki, kupanga orodha ya nyimbo za kupigwa siku ya shughuli, hizo ni jioni nyingi za kukaa mbele ya kioo. Ziko programu zinazoweka hayo yote kwenye hifadhidata yake, ukiifuta Windows ili uiweke upya, jasho lako limekwenda na maji. Nyingine huandika ndani ya faili lenyewe la wimbo, ukilihamishia kwenye simu au redio ya gari, jina linakwenda nalo. Nilizitaka hizo.

VLC sikuichagua, nilikuwa nayo tayari kama ilivyo kwa watu wengi. Ilianzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996, na tangu 2001 ni programu huria: bure, haina matangazo, na kodeki zake, yaani vifunguzi vya aina mbalimbali za sauti na video, imezibeba ndani, huhangaiki kutafuta vikorokoro vya kuongezea. VCD ya harusi ya mjomba ilikuwa na folda ya MPEGAV, na ndani yake faili moja kubwa linaloitwa AVSEQ01.DAT. Programu nyingine zilikuwa zinaniuliza hilo ni faili la nini. VLC ikalifungua hapo hapo. Picha ni nukta 352 kwa 288 tu, kwenye runinga kubwa sura ya bibi harusi inakuwa vijisanduku vijisanduku, lakini matarumbeta yanasikika vizuri na shangazi zangu wote wanatambulika. Kwa kufungua faili moja, lolote lile, sijaona wa kuishinda. Ila ukitaka kuiambia "nipe nyimbo zote za bendi fulani za kabla ya 1980", hiyo siyo kazi iliyoundiwa. Niliibakiza kwa kufungulia vitu vipya vinavyoingia, na kwa simu, nitakapofika.

Kwa muziki wa kwenye laptopu nilizilinganisha MusicBee na foobar2000. Wa rika langu tulianzia Winamp, iliyotoka 1997, tukapenda taa zake za kuchezacheza, kwa hiyo macho yangu yalikuwa yanaikimbilia MusicBee, ina picha za albamu na mpangilio wa kuvutia. Laptopu yangu lakini ni ya mtumba na kumbukumbu yake ni ndogo. foobar2000, ambayo ipo tangu 2002, inafunguka kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe, ijapokuwa sura yake ni ya kijivu kama fomu ya serikali. Nikachukua hiyo. Kilichoniridhisha zaidi ni kwamba unachagua nyimbo hata mia kwa mkupuo, unafungua dirisha la sifa zake, unaandika jina la bendi mara moja, na linaingia ndani ya mafaili yote. Orodha za nyimbo nazo inaweza kuzitoa kama M3U, ambayo ni maandishi ya kawaida tu, unaweza kuyasoma hata kwa Notepad.

Sasa hizo lebo zenyewe, yaani majina na maelezo yanayoandikwa ndani ya faili la wimbo. Hapa ndipo jioni zangu zilipoishia.

Nyimbo zenye majina yanayoeleweka kwenye faili, kwa mfano jina la bendi, kistari, jina la wimbo, hazikunisumbua. Programu ya Mp3tag, ya bure kwa Windows, unaipa mfano wa mpangilio huo nayo inaligawa jina la faili na kulijaza kwenye lebo, folda nzima kwa mara moja. Pia inafuta anwani za tovuti zilizobandikwa kwenye majina, na yale matangazo yaliyowekwa mahali pa picha ya albamu. Zile programu zinazosikiliza wimbo na kuutambua kwa sauti nilizijaribu pia. Kwa muziki wa nje zinasaidia. Kwa kaseti za baba sikupata kitu cha maana, ikabidi nisome makava na kuuliza wazee.

Wazee wakafungua mlango mwingine. NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 ndiyo iliyokuja kuwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, kisha Msondo Ngoma. Kwa mpenzi wa dansi hiyo ni bendi moja. Kwa kompyuta ni bendi nne zisizojuana, moja iko chini ya herufi J, nyingine M, nyingine N, nyingine O. Ikhwani Safaa ya Zanzibar, ya tangu 1905, nilikuwa nayo kwa tahajia mbili, na mafaili mengine yameandikwa Malindi tu. DDC Mlimani Park ilikuwa imeandikwa hivyo mahali pengine, na pengine Sikinde.

Kuna sehemu mbili kwenye lebo za wimbo ambazo watu wengi huziacha zifanane: msanii, na msanii wa albamu. Kwenye msanii niliacha jina kama lilivyokuwa kwenye kava, NUTA ibaki NUTA, kwa sababu wimbo wa NUTA ni wa zama za NUTA. Kwenye msanii wa albamu nikaandika Msondo Ngoma kwa zote. Programu nyingi hupanga maktaba kwa msanii wa albamu, kwa hiyo bendi ikakaa mahali pamoja bila historia yake kufutwa. Bongo Fleva nayo ilikuwa na tatizo lake: kila wimbo ulitoka peke yake, na kila wimbo ukawa albamu ya wimbo mmoja. Hizo nilizikusanya kwa mwaka, albamu "Bongo Fleva 2005" na kadhalika, msanii wa albamu "Mchanganyiko".

Kuna jambo dogo lililonifurahisha kulielewa. Mafaili fulani ya Mbaraka Mwinshehe yalikuwa yanaishia "Mbaraka Mwinshehe & Orchestra", basi, Super Volcano haionekani. Nilidhani aliyeandika alichoka. Kumbe lebo za zamani za MP3, toleo la kwanza la ID3, hukaa kwenye baiti 128 za mwisho wa faili na hutoa nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la msanii. Hesabu mwenyewe: ukifika nafasi iliyo baada ya "Orchestra", 30 zimeisha. Toleo la pili halina ubahili huo, kwa hiyo niliandika upya kwa toleo la pili na kuzifuta za kwanza.

Sauti pia. Taarab ya kaseti iko chini, singeli inayofuata inakurusha kwenye kiti. foobar2000 inapima kila wimbo na kuandika kipimo kwenye lebo, wenyewe wanakiita ReplayGain, bila kuugusa muziki wenyewe. Programu yoyote inayokijua kipimo hicho, VLC na Kodi ya runingani nitakayoieleza zikiwemo, unaweza kuiamuru ikifuate na kusawazisha. Usiku mmoja wa kuiacha laptopu ikipima unatosha kwa maktaba kubwa.

Kwa runinga nilikuwa na majina matatu: Plex, Jellyfin na Kodi. Plex inapendeza na inaeleweka upesi, lakini inataka akaunti ya mtandaoni, na tangu 2025 kuangalia video zako mwenyewe ukiwa mbali na nyumbani kunalipiwa. Jellyfin ni huria, ilichipuka Desemba 2018 baada ya Emby, programu nyingine ya aina hiyo, kufunga msimbo wake, na kwa mwenye kompyuta yenye nguvu inayokaa imewashwa muda wote ningeipendekeza bila kusita. Zote mbili ni seva: kompyuta moja inagawa, vifaa vingine vinapokea, na kifaa kisipoielewa video, seva inaibadilisha papo hapo. Hilo kubadilisha ndilo linalopika prosesa. Filamu za siku hizi nyingi zimebanwa kwa H.265, mtindo mpya wa kubana video, ili faili liwe dogo, na chipu za Intel zilianza kuifungua hiyo kwa mitambo yake kuanzia kizazi cha sita, mwaka 2015. Laptopu za mtumba nyingi ni za kabla ya hapo. Yangu ikipewa faili la H.265 feni inalia hadi sebuleni.

Kodi haihitaji seva. Inakaa kwenye kifaa kilichochomekwa runingani na kusoma diski moja kwa moja. Niliweka LibreELEC, ambayo ni mfumo mdogo wa kuendesha Kodi tu, kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kibao kimoja. Kibao hicho kinafungua H.265 bila kuhema, na adapta yake ni ya wati 15, kwa hiyo uniti za LUKU haziendi. Tahadhari moja: Kodi yenyewe haina filamu hata moja ndani. Mtu akikuuzia kisanduku "chenye Kodi yenye filamu zote", anakuuzia viungo vya watu wengine ambavyo kesho vinaweza kuzimwa.

Filamu za Kibongo zilihitaji utaratibu wao. Programu hizi husoma jina la faili na mwaka, kisha huenda mtandaoni kutafuta bango na maelezo. Filamu ya nyumbani yenye jina la neno moja inaweza kurudi na bango la filamu ya nchi nyingine kabisa yenye jina kama hilo. Dawa ni kuzitenga kwenye folda yake na kuiambia Kodi itumie taarifa za ndani tu, halafu unaweka pembeni picha uliyoipiga ya kava. Harusi nazo nilizihamishia humo, baada ya kuzitoa kwenye .DAT kwenda .mpg kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha video, bila kubana upya. Diski ya kwanza, ya pili na ya tatu nilizimalizia na cd1, cd2, cd3, na Kodi inazionyesha kama harusi moja. Sehemu ya 1 na ya 2 za filamu za Kibongo ni vingine, zile waliziuza kama filamu mbili, kwa hiyo usizipe majina ya namna hiyo.

Mama ndiye aliyekuwa kipimo cha mwisho. Nilianza kumweleza menyu akanikatiza: "Mwanangu, mimi nataka Sikinde. Haya mengine ongea na wanao." Bahati ni kwamba Raspberry Pi huelewana na runinga kupitia waya ule ule wa HDMI, kwa hiyo rimoti anayoijua ndiyo hiyo hiyo. Nikaweka orodha zake tatu kwenye vipendwa: dansi, taarab, kwaya. Anashuka chini mara mbili, anabonyeza katikati. Siku hizi wajukuu ndio wanaomwomba rimoti.

Kwenye simu tuna VLC. LibreELEC inaweza kuishirikisha diski kwenye mtandao wa nyumbani, na VLC ya Android inaiona yenyewe. Bando likiisha hakuna kinachobadilika, maana ruta inaendelea kuunganisha vifaa vya ndani hata kama intaneti haipo. Hili wengi hawalijui, wanadhani Wi-Fi bila bando ni taa tu za kuwaka.

Kimebaki kitu cha umeme. Mfumo wa Pi uko kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na kadi hizo hazipendi kukatiwa ghafla. Ndiyo maana kila ninapoongeza vitu vingi naiambia Kodi itoe maktaba kwenye mafaili ya NFO, yaani mafaili madogo ya maelezo, kila moja pembeni ya filamu yake. Kadi ikifa nachoma nyingine, naielekeza kwenye diski, na inasoma kila kitu ilichoandika. Nakala ya pili ya diski iko kwa dada yangu Morogoro. Akija huku tunazisawazisha, naye huniongezea kaseti alizozikuta kwa wakwe zake.