Dada wa Kijapani ndani ya gari langu

Jamani, mlioagiza gari Japani mtanielewa. Kila nikiwasha tu, kuna dada anaongea Kijapani, sauti nyororo kabisa, na abiria wote wanageuka kuniangalia. Kumbe anakumbusha kwamba kadi ya ETC haijachomekwa! Ni kile kiboksi kinachokata malipo ya barabara kuu za huko kwao. Hapa Dar hakina kazi yoyote, fundi umeme anakichomoa tu.

Redio nayo. FM ya Japani inaanzia 76, na redio nyingi za magari ya huko zinaishia 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kuongeza masafa, kinafungwa kwenye waya wa antena. (Ukishakifunga, namba unayoiona redioni siyo ile ya stesheni yenyewe, usije ukapaniki.)

Lakini kilichoniacha hoi ni gari kujizima katikati ya foleni ya Ubungo. Ukikanyaga breki likasimama, kimya. Ukiachia, linawaka. Ni mfumo wa kubana mafuta, hakuna ubovu. Kwa joto hili na AC inavyohitajika, mimi nauzima. Swichi yake ina herufi A iliyozungukwa na mshale.

Na ile B kwenye gia siyo pambo. Ukiiweka, injini inasaidia kupunguza mwendo mteremkoni. Mnaoshuka Kitonga itumieni, breki zipumue kidogo.