Ninavyopima Hatari ya Bahari Nikiwa Dodoma

Ofisini wananicheka: mtu wa Dodoma, mji ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ana kayaki ya baharini, mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia, imeegemea ukuta wa sebule. Wacha wacheke. Umbali wangu na bahari ndio ulionilazimisha nijifunze kupima hatari kwa namba. Anayekaa Kunduchi, pwani ya Dar, hutoka nje, akaitazama bahari, akaamua. Mimi na wenzangu tunaamua Alhamisi jioni, kabla ya kukata tiketi za treni ya SGR.

Kipimo tunachotumia kilibuniwa na Mmarekani, Eric Soares, mpiga kasia wa pwani ya California. Unajumlisha pointi: kila maili ya upepo kwa saa ni pointi moja, kila futi ya wimbi ni pointi mbili, kisha unaongeza umbali ambao ungelazimika kuogelea ukipinduka, mawimbi yanayovunjika, giza, ukungu. Jumla unaigawanya kwa 20, unapata daraja la hatari.

Tuseme Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, tangazo la kawaida msimu wa kusi. Upepo unakupa pointi kama 25, mawimbi kama 13. Hapo umeshafika 38 na hujagusa suala la kuogelea. Sisi kikomo chetu ni pointi 20, hatuendi.

Faida kubwa ya namba hiyo nimeiona kwenye mabishano kuliko majini. Watu wameshaomba ruhusa kazini, wengine wametuma hela ya kukodi kayaki Dar (yangu haipandi treni, ni ya bwawa la Mtera), na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema anaogopa. Tukipiga hesabu pamoja, hakuna anayeitwa mwoga. Safari inaahirishwa na urafiki unabaki.

Ila kikomo cha 20 tumekiweka wenyewe, na kwa sababu. Kipimo cha Soares kinatoa pointi kwa maji yaliyo chini ya nyuzi 72 za Farenihaiti, yaani kama 22 za Selsiasi, pointi moja kwa kila nyuzi inayopungua. Kwa California hiyo ni hesabu nzito, maana baridi huua. Bahari yetu ni ya vuguvugu, kwa hiyo mstari huo kwetu ni sifuri mwaka mzima, na upepo uleule unatoka na jumla ndogo. Ukiyafuata madaraja yalivyo utajiona uko salama kumbe jua la saa saba linakumaliza katikati ya njia ya kwenda kisiwa cha Mbudya.

Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nayo haina mstari wake. Siku za bamvua, Dar maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na mkondo unakwenda mbio. Upepo ukikabiliana na mkondo, mawimbi yanakuwa mafupi na makali ingawa upepo wenyewe haujaongezeka. Kwa hiyo jedwali la maji kujaa na kupwa naliweka kando ya hesabu, silichanganyi humo.

Na Mtera? Bwawa lile, kwenye barabara ya Iringa, ndilo uwanja wetu wa mazoezi. Asubuhi isiyo na upepo hesabu inakaribia sifuri. Viboko na mamba hawamo kwenye hesabu, wala miti mikavu iliyosimama majini. Pale kipimo changu ni wavuvi. "Shikamoo mzee, leo tupite wapi?" "Marahaba. Kule kwenye visiki msiende, kuna kiboko ana mtoto." Tunazunguka.

Kitu kingine ambacho hesabu haikioni ni nani amekaa kwenye kayaki. Pointi 15 ni zilezile kwa anayejua kujirudisha chomboni akipinduka na kwa aliyeshika kasia mara ya kwanza mwezi uliopita. Tunampangia safari yule dhaifu kuliko wote.

Kwa hiyo namba nimeiachia kazi moja: kuzuia. Ikikataa, hatuendi. Ikikubali, bado kuna manahodha wa boti pale Kunduchi. Wakisema tusubiri maji yajae kwanza tunasubiri, na treni ya jioni ikituacha tunalala Dar, Jumatatu bosi atapigiwa simu.