Mpini mrefu wa kuoshea vioo vya ghorofani: pima jengo kwanza

Anayetafuta mpini wa kuoshea vioo vya juu huanza kwa kuuliza urefu, na muuzaji naye humjibu kwa urefu: upo wa mita 9, upo wa 13, upo wa 20. Majibu hayo hayamsaidii. Mpini wa mita 20 ukitumiwa kila siku kwenye nyumba ya ghorofa moja unachosha mabega bure. Na ule wa mita 9 unaosifiwa kwamba "unagusa ghorofa ya tatu", hata ukigusa, hausugui. Mambo mawili yajulikane kabla ya kutaja bei: ukingo wa juu wa dirisha la juu kabisa uko mita ngapi kutoka ardhini, na chini una nafasi gani ya kusimama.

Kwa asiyeijua zana hii: ni mpini wa vipande vinavyoingiana, unarefuka kama antena ya redio, na ndani yake unapita mpira mwembamba wa maji hadi kwenye brashi iliyo nchani. Unasugua, unasuuza, unahamia dirisha jingine. Kioo hukauka chenyewe bila kufutwa na bila madoa kwa sababu maji yake yameondolewa chumvi. Msafishaji hakanyagi ngazi hata mara moja, na hilo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Uingereza, kanuni za kazi za urefuni za mwaka 2005 zinamtaka mwajiri aepuke kumpandisha mtu juu pale kazi inapoweza kufanyika akiwa chini. Sisi bado tunaona watu wamesimama kwenye ukingo wa dirisha la ghorofa ya tatu, tambara mkononi, bila mkanda.

Hesabu ya urefu

Chukua jengo la kawaida la Dar es Salaam au Nairobi: chini maduka, juu ghorofa tatu. Sakafu ya maduka imeinuka nusu mita kutoka ardhini. Maduka yana kimo cha mita 4, na kila ghorofa ni mita 3 kutoka sakafu hadi sakafu. Basi sakafu ya ghorofa ya tatu iko kwenye mita 10.5, na ukingo wa juu wa dirisha, ukiwa mita 2.1 juu ya sakafu hiyo, uko kwenye mita 12.6.

Mpini haufanyi kazi ukiwa wima. Huegemea ukuta kwa nyuzi 70 hivi, kitako chake kikiwa usawa wa kiuno, karibu mita 1 juu ya ardhi. Toa mita hiyo 1, inabaki 11.6. Gawanya kwa 0.94 (sini ya nyuzi 70), unapata mita 12.3. Nunua wa 13 au 14, usinunue wa 12 na nusu: vipande vikivutwa hadi mwisho kabisa, sehemu zinazobaki zimepandana ni fupi, na hapo ndipo mpini hulegea na kuvunjika.

Kama huna cha kupimia kimo, hesabu ngazi za ndani ya jengo. Pima kimo cha ngazi moja kwa futi ya fundi, mara nyingi ni sentimita 15 hadi 18, zidisha kwa idadi ya ngazi hadi sakafu ya juu, kisha ongeza kimo cha dirisha. Kama sakafu ya chini imeinuka kutoka ardhini, ongeza na kimo hicho. Hesabu hii inakupa makadirio ya karibu.

Sasa nafasi ya chini. Mpini wa mita 12.3 kwa nyuzi 70 unakutaka usimame mita 4.2 kutoka ukutani. Uwani inawezekana. Lakini penye ukuta wa uzio mita 2 tu kutoka kwenye jengo, pembe inapanda hadi nyuzi 80: mpini unakaribia kuwa wima, brashi haikandamizi kioo sawasawa, na wewe unatazama juu mpaka shingo inakakamaa. Kiwiko cha kuinamisha brashi kinasaidia kidogo. Kwenye vichochoro vya mita moja kama vilivyo kati ya majengo mengi ya Kariakoo, mpini sio zana yake. Hapo pasafishwe kutokea ndani, au kwa kamba na mtu aliyefunzwa.

Jihadhari pia na namna urefu unavyotangazwa. Wengine huandika kimo kinachofikiwa, wakiwa wamejumlisha na kimo cha mtu aliyeushika. Uliza swali moja tu: mpini wenyewe, ukivutwa wote, bila brashi, ni mita ngapi?

Ugumu kabla ya uzito

Uzito huandikwa kwenye tangazo, ugumu hauandikwi. Nao ndio unaoamua kama utamaliza siku. Mpini unaopinda unakula nguvu zako: unasukuma kitako, ncha inachelewa, kisha inarudi kwa kishindo na brashi inaruka juu ya kioo. Kupinda nako hakuongezeki polepole. Mpini wenye unene uleule ukirefushwa mara mbili, uzito wa brashi unaupinda mara 8 zaidi, na uzito wake wenyewe unaupinda mara 16. Ndiyo maana mpini uliokuwa mtulivu kwenye mita 6 unaweza kuyumba vibaya kwenye mita 12.

Alumini ni ya bei nafuu na inatosha hadi mita 5 au 6; zaidi ya hapo ni nzito, na inapitisha umeme. Faibaglasi ni ngumu kuharibika na inavumilia kazi za kutupwa kwenye pikapu, lakini inapinda. Mimi nisingeivusha mita 8. Nyuzi za kaboni ni ngumu takriban mara tatu kuliko nyuzi za kioo zilizomo kwenye faibaglasi na ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kuanzia mita 9 kwenda juu hakuna mjadala. Katikati ipo mipini ya mchanganyiko wa faibaglasi na kaboni, na kwa anayeanza na nyumba za ghorofa moja au mbili huo ni ununuzi mzuri. Ipo pia kaboni ya daraja la juu zaidi, ngumu sana na ya bei kubwa. Lakini hiyo haivumilii kukandamizwa kama kaboni ya kawaida: ukiuangusha mpini wake juu ya zege, ufa unaweza kuanza bila kuonekana.

Mpini wa kaboni wa mita 10 huwa na kilo 2 hadi 3. Uzito huo ni wa mpini mtupu. Mpira wa ndani wenye kipenyo cha nje cha milimita 8 na cha ndani cha milimita 5, ukiwa na maji yake, unaongeza karibu robo tatu ya kilo kwenye mita 13. Brashi nayo hukaa mahali pabaya kuliko pote, nchani. Kwenye mpini wa mita 12 ulioinama nyuzi 70, gramu 100 tu za brashi utazihisi mikononi kama zaidi ya nusu kilo kila unapoinua brashi kutoka kwenye kioo. Kwa hiyo juu ya mita 10 weka brashi nyepesi ya sentimita 25 hadi 30, hata kama pana inaosha haraka.

Shauri langu kwa mwenye kazi mchanganyiko: nunua mpini wa mita 8 unaokubali kuongezewa vipande vya chini. Siku nyingi utabeba huo mwepesi, na siku ya jengo refu unaongeza vipande. Juu ya mita 15 kazi iwe ya watu wawili, mmoja kwenye mpini na mwingine kwenye mpira na kuzuia wapita njia.

Vibanio, nozeli na brashi

Kila kipande hushikwa na kibanio chenye wenzo. Kibanio kizuri kina skrubu ya kukazia, kinafungika kwa kidole kimoja ukiwa umevaa glavu, na hakiteremki ukikandamiza mpini kwa uzito wa mwili. Kikiteremka, kabla ya kukaza toa mchanga ndani yake, maana mara nyingi tatizo ni hilo. Halafu kaza robo mzunguko, jaribu, kaza tena ikibidi. Anayekaza kwa nguvu zote anaminya bomba la kaboni hadi linapasuka, na bomba likishapasuka mara nyingi dawa yake ni kubadilishwa.

Nozeli ni vinywa vinavyotoa maji kwenye brashi. Za mkondo mwembamba, mbili, zenye tundu la milimita 2, zinatosha vioo vingi. Angalia maji yanavyofanya juu ya kioo. Yakitandaa kama utando, suuza kioo huku brashi bado inakigusa. Yakijikusanya matone matone, unahitaji nozeli za kutandaza, au uinue brashi kidogo na usuuze kutoka juu kwa utulivu zaidi. Nywele za brashi za nailoni ndizo za vumbi na chumvi ya bahari. Za manyoya ya nguruwe zinasugua vizuri uchafu ulioganda lakini hunyonya maji na kuwa nzito, tena wapo wateja ambao hawatapenda ziguse nyumba yao. Uliza kwanza.

Maji

Mpini mzuri wenye maji mabaya unaacha kioo na madoa meupe mengi kuliko ulivyokikuta. Pima kwa kipima TDS, kifaa kinachoonyesha kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini: lengo ni 0, na likivuka 10 usianze kazi. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa yana chumvi nyingi, hivyo kuyapitisha moja kwa moja kwenye rezini, yaani chembe zinazonasa chumvi iliyoyeyuka, ni kuchoma pesa. Rezini hufa kwa kadiri ya chumvi iliyomo: maji yenye TDS 600 huimaliza mara sita haraka kuliko yenye 100. Weka kwanza chujio la kuzuia mchanga la mikroni 5, kisha chujio la mkaa, kisha mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi, na rezini imalizie kidogo kilichobaki. Usiruke chujio la mkaa kama unatumia maji ya bomba, kwa sababu klorini huharibu utando wa RO. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia kwenye RO hutoka kama taka. Yakingwe, yatafaa kuosha sakafu na choo.

Mtiririko wa lita 1.5 hadi 2 kwa dakika unatosha. Hizo lita 2 ni lita 120 kwa saa ya maji yanayotoka mfululizo, kwa hiyo tanki la lita 500 ni kazi ya siku nzima kwa mtu mmoja. Presha ndiyo inayowashangaza wengi: kila mita 10 za kimo zinameza takriban bar 1, na tanki lililo kwenye mnara wa mita 3 haliwezi kamwe kupandisha maji hadi ghorofa ya tatu. Tumia pampu ndogo ya volti 12 yenye uwezo wa lita 5 kwa dakika na bar 7 hivi, pamoja na kidhibiti cha mwendo.

Umeme na upepo

Nyaya za umeme barabarani kwetu nyingi ni tupu, na mara nyingine zinapita usawa wa ghorofa ya kwanza. Kaboni inapitisha umeme. Faibaglasi kavu na safi haipitishi, lakini ya kwako itakuwa imelowa na ina vumbi, basi ihesabu kuwa inapitisha. Kanuni ninayoishika: mpini ukianguka upande wowote, usiweze kugusa waya. Kama unaweza, dirisha hilo haliguswi mpaka shirika la umeme limekata laini na kuthibitisha.

Upepo wa baharini huongezeka mchana, hasa msimu wa kusi. Madirisha ya juu yafanye asubuhi, ya chini yabaki jioni. Na usitembee kutoka pembe moja ya jengo hadi nyingine mpini ukiwa umerefushwa, hata kwa hatua kumi.

Dukani, na baada ya dukani

Usikubali kuuziwa mpini uliolala mezani. Uvute wote ukiwa wima, ukianza na kipande chembamba cha juu, uegemeze ukutani ukiwa na brashi na mpira, kisha sogeza kitako sentimita 20 kushoto na kulia. Ncha ikifuata papo hapo, ni mgumu. Ikichelewa na kutikisika, uache. Usiushike mlalo ukiwa umevutwa wote, huo ni mtihani wa kuvunja. Hakiki kwamba kila kipande kina alama ya mwisho wa kuvuta, na chungulia ncha za mabomba kama zina nyuzi zilizochomoza: kijiti cha kaboni kikiingia kidoleni ni taabu kukitoa, basi glavu kila siku.

Agiza na vibanio vya akiba, kimoja kwa kila ukubwa, siku hiyohiyo. Vikiagizwa baadaye kutoka nje utasubiri wiki kadhaa huku mpini mzima umelala kwa sababu ya kipande cha plastiki.

Kabla ya kumwahidi mteja, kagua madirisha yake. Nyavu za mbu zilizofungwa nje lazima zitolewe kwanza. Madirisha ya luva yanapitisha maji ndani. Yale ya alumini ya kusukuma yana matundu ya kutolea maji kwenye reli ya chini, na yakiziba, maji hufurika hadi kwenye mapazia. Matone ya saruji na rangi yanataka wembe na mkono, brashi haiyaondoi. Na osho la kwanza lifanye mara mbili, kwa kuwa uchafu wa fremu huendelea kuchuruzika juu ya kioo ulichokwisha kusuuza.

Jioni, chomoa vipande, suuza ndani na nje kwa maji safi, vikaushe kivulini na visiachwe ndani ya gari juani. Usipake mafuta wala grisi: yanashika mchanga, na mchanga unakwangua kaboni hadi vibanio vinakosa cha kushika.